Mikono ya Grisi, Saini Safi

Nyote mlionibashiria wiki nzima kwamba Shemeji atatoa bastola kwenye ile droo, punguzeni kutazama filamu. Mhasibu hahitaji bastola. Alitoa faili.

Faili lenyewe la bluu, nene, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Akalibwaga mezani mbele ya Mama Baridi, akaegemea kiti chake na kutabasamu. Lile tabasamu, wasomaji wangu, ningekuwa karibu ningelifuta kwa dasta.

Kama umeanza kusoma leo, vuta kiti nikueleze upesi, maana saa inakwenda. Mama Baridi ni fundi wa friji. Jumatatu hadi Ijumaa yuko kiwanda cha maziwa, ambako kodi yake inakatwa kabla mshahara haujaona jua. Jumamosi na Jumapili, kwa miaka minne, ametengeneza friji, viyoyozi na chumba cha baridi cha hoteli moja, na mhasibu wa hoteli hiyo ni kaka mkubwa wa mumewe. Kila alipomlipa, Shemeji alichomoa sehemu ya kumi na kuirudisha kwenye droo. "Hii kodi yako, shemeji. Nakukatia hapa hapa usije ukasumbuliwa." Na yeye, maskini, alikuwa anasema asante!

Wiki tatu zilizopita ikaja barua ya ofisi ya kodi. Mapato ya kazi ya pili hayajalipiwa kodi hata senti. Alipe ya miaka yote minne, na faini, na riba, kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa, la sivyo wanachukua kwenye akaunti yake benki. Kwenye akaunti hiyo kuna pesa ya kitu kimoja tu: kufungua karakana yake mwenyewe. Chumba amekwisha kukiona, nyuma ya kituo cha mafuta, kina mlango mpana wa kupitisha friji kubwa. Hajamwambia mtu isipokuwa mumewe. Jumatatu apeleke malipo, apewe funguo.

Ijumaa yenyewe ndiyo leo, na sasa hivi ni saa nne asubuhi.

"Fungua," Shemeji akasema. "Haling'ati."

Mama Baridi akafungua. Alikuwa ametoka kiwandani moja kwa moja, ovaroli mwilini, spana namba kumi na saba mkononi, grisi ya kompresa imemjaa hadi ndani ya kucha. Akageuza karatasi ya kwanza kwa ncha ya kidole. Ya pili. Ya kumi.

Hati za malipo. Kila moja ina tarehe, ina kiasi, na ina maneno yaleyale kwa chini: Kazi imekamilika. Nimepokea malipo yote bila makato yoyote. Na chini ya maneno hayo, saini yake.

Haikuwa ya kughushi. Ilikuwa yake, na ule mkia wake mrefu.

"Sikupokea yote," akasema polepole. "Ulinikata. Kila wiki ulinikata."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema!"

"Wewe uliyesimama hapo, au wewe uliye kwenye karatasi? Maana mko wawili, shemeji, na wa kwenye karatasi ameweka saini."

Hapo akakumbuka, na alipokumbuka hasira ikamgeukia mwenyewe. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajagusa hata skrubu, Shemeji alikuwa anamwita ofisini. "Saini kabisa sasa hivi. Jioni utakuja na hiyo mikono yako unichafulie hati, mkurugenzi anigombeze." Kiasi kilikuwa hakijajazwa. Maneno yalikuwa hayajaandikwa. Ilikuwa karatasi tupu na mstari kwa chini. Fundi ambaye hashiki waya kabla ya kuupima kama una umeme, alikuwa anashika kalamu na kusaini.

"Ulinisainisha karatasi tupu."

"Nilikushika mkono?"

"Nilikuamini! Wewe si kaka wa mume wangu?"

"Ndiye mimi." Shemeji akaacha kutabasamu. "Basi nisikilize kama kaka. Chukua hilo faili, mimi nina nakala. Wapelekee hao watu wa kodi, wahesabu saini zako mpaka wachoke. Ila kabla hujaenda kunichongea, pitia dukani kwa mumeo. Ukinichoma mimi, shemeji, utaungua na nyumba yako."

Mama Baridi aliinua spana. Shemeji akarudi nyuma na kiti chake mpaka kikagonga kabati. Mimi mwandishi wenu nilishika roho mkononi.

Mama Baridi akaitia spana mfukoni. Akakwapua faili, akatoka, na mlango akaubamiza hivi kwamba kalenda ya hoteli ilianguka chini.

Dukani kwa mumewe kuna rangi, bawaba, makufuli, mabomba, na misumari ya kila urefu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bosi Misumari. Na juu ya kaunta, kwa miaka mitatu sasa, kuna cheti ndani ya fremu ya dhahabu ya bandia: Mlipakodi Mwaminifu. Wateja wakikisoma, Bosi Misumari hujifanya hawaoni. Mama Baridi amekipangusa vumbi mara ngapi, hajui.

Leo hakikuwepo. Ukutani palibaki mraba mweupe na msumari wake.

"Mama watoto!" mumewe akasema, sauti tamu kuliko siku zote. "Mbona saa hizi? Unaumwa?"

"Cheti kiko wapi?"

"Cheti gani?"

"Kaka yako amekupigia simu."

"Kaka? Ah, alipiga tu kusalimia..."

"Alikusalimia ukashusha cheti ukutani?"

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua kitasa akaona afadhali arudi siku nyingine.

Sasa, mwanamke akikaa na mwanamume miaka kumi na sita, hahitaji polisi kumsaidia kupekua. Mama Baridi alipita nyuma ya kaunta, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini, kwenye kopo la misumari ya inchi sita. Misumari hiyo hainunuliwi na mtu. Ndipo mumewe alipokuwa anaficha sigara enzi zile alipoapa kwamba ameacha.

"Hapo hakuna kitu!" mumewe akapiga kelele.

Akalipindua kopo. Misumari ikamwagika sakafuni, na katikati ya misumari likaanguka furushi la risiti, limefungwa kwa mpira.

Risiti za ofisi ya kodi. Jina la mlipaji: la mumewe. Mwezi baada ya mwezi, miaka minne.

Mama Baridi akatoa daftari lake la kazi kwenye mfuko wa ovaroli. Humo huandika kila friji aliyoifungua: imewekwa gesi kiasi gani, kimebadilishwa kifaa gani, amelipwa ngapi, amekatwa ngapi. Kila ukurasa una alama za vidole vyake. Akalitandaza juu ya kaunta, akaweka risiti pembeni.

Machi: alikatwa elfu ishirini na saba na mia tano. Risiti ya Machi: elfu ishirini na saba na mia tano.

Aprili, mwezi ule chumba cha baridi kilipokufa akafanya kazi hadi sikukuu: alikatwa elfu arobaini na moja. Risiti ya Aprili: elfu arobaini na moja.

Hakuendelea. Hakuwa na haja.

Kodi yake ilifika serikalini, wasomaji wangu. Yote! Haikupotea hata senti. Ilifika kwa jina la mumewe. Shemeji alikuwa anaikata kwa mke na kwenda kumlipia mdogo wake kodi ya duka, na mdogo mtu akapewa cheti, akakitia fremu, na mke akawa anakipangusa vumbi.

"Mke wangu," Bosi Misumari akaanza, "pesa ni ya nyumba moja. Kodi yako, kodi yangu, tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba mimi ndiye ninayedaiwa!"

"Duka lilikuwa linafungwa. Watu wa kodi walishakuja na makufuli yao. Ningefanya nini? Mngekula nini?"

"Tungekula mshahara wa kiwandani, kama tulivyokuwa tunakula siku zote! Hili duka limewahi kununua hata chumvi nyumbani?"

"Kaka alisema hutajua."

"Kwa nini hukuniomba? Mimi hapa, kitanda kimoja, sahani moja. Kwa nini hukufungua mdomo ukaniomba?"

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa! Kwa hiyo ukaona uniibie?"

Bosi Misumari aliinama akaanza kuokota misumari mmoja mmoja, kana kwamba hilo ndilo lililoharibika. Kitendo hicho kilimuuma Mama Baridi kuliko maneno yote. Alitamani kulia na akakataa. Jumapili ngapi amewaacha watoto kwenye meza ya chakula, akaenda kulala chali chini ya friji za watu, maji machafu yakimdondokea usoni! Alizifunga tena risiti kwa mpira wake, akazitia ndani ya faili la bluu.

"Unazipeleka wapi?" mumewe akauliza, na sauti sasa haikuwa tamu.

"Zinakojulikana."

"Nitafungwa."

"Ulikuwa unajua hilo ulipokuwa unazifukia chini ya misumari."

Ofisi ya kodi ilikuwa na mabenchi manne, mashine ya kutoa namba za foleni, na feni ya darini iliyokuwa inalia kwa kila mzunguko. Beringi imekwisha, Mama Baridi akajisemea, hata katika siku kama hiyo. Alipewa namba sitini na tatu. Walikuwa wanahudumia arobaini. Alikaa na faili mapajani, simu ikitetemeka mfukoni pamoja na spana. Mumewe. Mumewe tena. Shemeji. Mumewe.

Namba yake iliitwa saa tisa na dakika ishirini.

Afisa alikuwa dada mdogo mwenye miwani na kucha fupi, mezani pake hakuna kitu kilichokaa upande. Alisoma barua. Akasoma daftari. Akapitia risiti bila haraka, Mama Baridi akihisi kila dakika inamkanyaga.

"Mama, hizi risiti ni za mtu mwingine."

"Ni za mume wangu. Lakini pesa ni yangu. Linganisha na daftari."

"Nimelinganisha. Zinalingana. Ila kilicholipwa kwa namba yake ya mlipakodi ni chake. Namba yako haina kitu." Akavua miwani. "Na nikuulize. Kila mwaka tunataka utangaze mapato yako yote. Kazi ya pili uliwahi kuitangaza?"

"Nitangaze nini na mimi nimekatwa?"

"Kukatwa si kutangaza. Ungetangaza mwaka wa kwanza tu, tungeona hakuna makato yaliyotufikia, tungekuita mwaka huohuo."

Mama Baridi alipiga meza kwa kiganja. "Kwa hiyo mwizi ni mimi?"

Benchi zima likageuka.

"Sijasema mwizi," afisa akajibu, wala hakupandisha sauti. "Nimesema kosa la kutokutangaza ni lako, na faini yake utailipa. Ni ndogo. Hilo deni kubwa ndilo tunalozungumzia. Hoteli inaonyesha ulipokea yote."

"Hati zenyewe hizi hapa. Alinisainisha asubuhi, zikiwa tupu!"

"Kila mtu anayedaiwa huniambia alisaini karatasi tupu, mama."

Afisa alivuta faili, akageuza hati ya kwanza. Ya pili. Ya ishirini. Kisha akaacha kugeuza. Akatazama pale Mama Baridi alipopiga meza. Juu ya ile meza safi palikuwa na kiganja kizima cha grisi, vidole vyote vitano.

"Hii grisi inatoka lini?"

"Ukisugua kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa, labda kesho. Kwa nini?"

Afisa akafungua daftari: alama za vidole kila ukurasa. Akarudi kwenye hati: nyeupe. Zaidi ya mia mbili, zote zimeandikwa kazi imekamilika, na hakuna hata moja yenye doa. Doa pekee lilikuwa pembeni mwa zile kumi za mwanzo, la asubuhi hiyohiyo.

"Fundi wa friji," afisa akasema taratibu, "amemaliza kazi mara mia mbili, na mara zote mia mbili amekuja kusaini na mikono ya bibi harusi."

Shemeji aliogopa kuchafuliwa hati! Ule usafi wake ndio uliomkamata shingo. Nisameheni, hapa niliruka kwenye kiti changu.

"Naweza kuzuia wasiguse akaunti yako," afisa akasema, akivuta fomu, "ukileta pingamizi leo, kabla ya saa kumi. Lakini linaandikwa kwa kiapo. Nani alikata, nani alilipiwa. Kwa majina. Ukisaini, wachunguzi wanakwenda hotelini na dukani Jumatatu. Mimi siwezi kulirudisha, na wewe huwezi."

Mama Baridi aliitazama fomu. Kumtaja Shemeji, angemtaja hata kwa kipaza sauti. Lakini kisanduku cha pili kwenye fomu kilikuwa kinasubiri jina la baba wa watoto wake. Kalamu ikawa nzito.

"Halafu hii moja," afisa akaongeza, akichomoa karatasi iliyokuwa imekunjwa katikati ya risiti, "imeingia kimakosa. Si ya kodi. Ni ada ya kusajili biashara mpya, mwezi uliopita. Karakana ya friji na mitambo ya baridi."

"Karakana ya nani?"

Afisa akamgeuzia. Wamiliki walikuwa wawili: Bosi Misumari na kaka yake. Mahali: nyuma ya kituo cha mafuta.

Chumba chake. Mlango wake mpana. Siri aliyompa mtu mmoja tu duniani!

Mama Baridi hakupiga meza mara hii. Aliisoma tena na tena mpaka afisa akamuuliza kama anataka maji.

"Sitaki maji. Andika," akasema. "Andika majina yote mawili. Jaza kila mahali palipo wazi, dada yangu, usiache hata mstari mmoja. Mimi nitasoma neno kwa neno ndipo nisaini."

Afisa akaandika. Mama Baridi akasoma, kidole kikifuata mstari na kuacha alama nyuma yake. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika nane alipofika chini.

"Usisaini!"

Bosi Misumari alikuwa mlangoni, anahema, shati limelowa. Alisukuma watu wa benchi la kwanza, akafika mezani, akaweka kitu juu ya fomu. Funguo mbili mpya, zimefungwa kwa waya.

"Karakana ni yako," akasema. "Nilitaka nikushtukize, mke wangu. Ilikuwa zawadi. Tumeshalipia chumba. Chukua, twende nyumbani, tuyamalize sisi wenyewe."

Watu wa benchini wakasogea wasikie. Hata mimi, nawaambieni ukweli, kwa sekunde moja nilitaka kumwamini.

Mama Baridi akasukuma ile karatasi ya usajili kwa kidole mpaka ikawa mbele ya mumewe.

"Jina langu liko wapi hapa?"

Bosi Misumari akaisoma kana kwamba hajawahi kuiona. "Tutaliongeza."

"Lini?"

"Kaka alisema... kwanza tuanze, halafu tutaliongeza."

Mama Baridi akachukua zile funguo. Akazitazama, akazitia mfukoni pamoja na spana. Mumewe akashusha pumzi ndefu, akanyoosha mkono amwinue kwenye kiti.

Ndipo Mama Baridi akavuta fomu, akasaini. Mkia wa saini ulifika hadi ukingo wa karatasi, na pembeni yake kidole gumba cha grisi kikakaa kama muhuri. Afisa akaongeza wake juu, pa!

"Bwana, usiondoke," afisa akasema. "Kaka yako yuko wapi?"

"Nje, kwenye gari," Bosi Misumari akajibu. "Amekuja na vitabu vyote vya hoteli. Alisema akiona mambo yameharibika ataingia aeleze mwenyewe. Aliniapia."

Nje, gari likawashwa.

Wote watatu wakageukia dirisha. Gari jeupe lilikuwa linarudi nyuma kwa kasi, maboksi ya karatasi yamejaa hadi kioo cha nyuma. Liligonga pipa la taka, likanyooka, likatoka getini.

"Kaka!" Bosi Misumari akapiga kioo kwa ngumi. "Kaka, ningoje!"

Gari halikupunguza hata mwendo. Bosi Misumari akabaki pale dirishani, kisha akageuka taratibu. Sura yake ilikuwa nyeupe kama ule mraba ukutani kwake.

"Mke wangu," akasema, "sasa mimi nifanyeje?"

Mama Baridi akafuta mikono kwenye ovaroli, akaweka daftari lake mfukoni na kufunga zipu.

"Chukua namba," akamwambia. "Mashine ile pale mlangoni. Na wakikupa kitu usaini, kisome kwanza."